Mchanga Uliochoka

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, wanafunzi wa chama cha maji walikuwa wamekwisha kulowa miguu. Wawili walipiga pampu ya kisima, wawili walibeba ndoo, na mmoja alipanda kwenye kijukwaa cha matofali akayamimina maji ndani ya pipa kubwa la bluu lililosimama nyuma ya darasa la kwanza. Huyo wa kupanda alikuwa Chiriku. Alikuwa msichana wa darasa la sita, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko umri wake, hata walimu walikuwa wamelisahau jina lake la kwenye daftari wakamwita kwa jina la yule ndege asiyejua kunyamaza. Alimimina huku anasimulia, akasimulia huku anacheka, na mara nyingi ndoo iliisha kabla hadithi haijafika katikati.

Chini ya pipa palikuwa na bomba, na maji yaliyotoka hapo ndiyo yaliyonywewa na shule nzima. Jioni kila mwanachama aliruhusiwa kwenda nyumbani na dumu moja dogo, kama shukrani ya kazi yake. Kwao Chiriku, dumu hilo lilikuwa hasa la mdogo wake, mvulana wa darasa la kwanza ambaye mashavu yake yalimpatia jina la Bonge. Mama yao alikuwa fundi cherehani. Hata maji ya pipa aliyachemsha kwanza, maana hakuamini maji yoyote ambayo hakuyaona yakitokota kwa macho yake.

Pipa lile lilikuwa na sababu. Nyuma ya ukuta wa shule palikuwa na kiwanja kitupu, ambapo zamani watu walivunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini yaliyokuwa ndani yake. Kazi hiyo ilipigwa marufuku, watu wakaondoka, lakini madini yalibaki udongoni, na kila mvua iliponyesha yalishuka kidogo kidogo mpaka kwenye maji ya kisima. Madini hayo huitwa risasi. Yakiyeyuka ndani ya maji hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Humwingia mtu polepole, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo.

Aliyewaeleza haya alikuwa mwalimu wa sayansi, ambaye wanafunzi walimwita Kwa Mfano, kwa kuwa hakuweza kumaliza sentensi mbili bila kutumia maneno hayo. Siku ya kwanza ya chama aliwamwagia viganjani mchanga kutoka kwenye gunia, wa aina ile iliyojazwa ndani ya pipa. Ulikuwa mwekundu kama tofali lililosagwa.

"Kwa mfano, chujio la chai," alisema. "Linazuia majani kwa sababu majani ni makubwa kuliko matundu. Risasi iliyoyeyuka ni ndogo mno, ingepita kwenye tundu lolote. Kwa hiyo huu mchanga haufanyi kazi kama chujio la chai. Umevikwa kutu. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni, na wataalamu huiita oksidi ya chuma. Risasi ikipita karibu na kutu inanata juu yake, kwa mfano kishonanguo kinavyonata kwenye sketi ukipita majanini."

Chiriku, kama kawaida yake, alikuwa na swali. Alitaka kujua kama itaendelea kunata siku zote.

Mwalimu alionyesha ukuta wa darasa, penye safu ya misumari ya kutundikia mikoba. Akawauliza, misumari yote ikishapata mikoba, mkoba wa atakayechelewa utakaa wapi. Wakajibu kuwa utakaa sakafuni. "Basi na kutu ina nafasi zake," alisema. "Zikijaa, mchanga umechoka. Risasi itakayokuja itapita moja kwa moja mpaka kwenye kikombe chako. Na ukiyatazama maji, yatakuwa meupe vilevile."

Kwa sababu hiyo, kila muhula chupa mbili za maji zilipelekwa kupimwa katika maabara ya ofisi ya maji: moja ya maji ya kisima, moja ya maji yaliyotoka kwenye pipa. Magunia ya mchanga mpya yalikuwa tayari stoo. Lakini kuuvika mchanga kutu ni kazi ya majuma mengi, hivyo haukubadilishwa mpaka vipimo viseme.

Muhula huo mwalimu alimtuma Chiriku. Alimwambia amemchagua kwa kuwa anaijua njia na haogopi kuongea na wakubwa. Chiriku alizijaza chupa zile mwenyewe, huku akiwasimulia wenzake habari za mbuzi aliyeingia dukani, akafunga vifuniko bila kuvitazama, akaenda zake mabega juu.

Njiani alikuta lori limezama kwenye tope na wanaume wanalivuta kwa kamba. Alisimama kutazama. Kisha akakumbuka kuwa ofisi hufungwa mchana, akakimbia, mkoba ukimpiga mgongoni. Alipofika getini alihisi ubaridi kwenye kalio. Akaufungua mkoba. Chupa ya kisima ilikuwa imejaa. Ile ya pili, ya maji ya pipa, ilikuwa tupu, kifuniko chake kimekaa upande.

Kurudi shuleni na kuja tena kungekuta mlango umefungwa. Tena angelazimika kusema mbele ya chama kizima, na mwalimu angesema yale aliyokuwa akiyasema daima, kwamba mdomo wa Chiriku unakimbia kuliko mikono yake. Kando ya geti palikuwa na bomba la kumwagilia maua. Maji yake yalitoka kwenye mtambo wa mji, maji safi kabisa.

"Maji ni maji," alijiambia, akaikinga chupa.

Mkemia aliyezipokea alikuwa mwanamke mwenye koti jeupe na sauti ya upole. Aliinua chupa ya pili kwenye mwanga, akauliza kama ndiyo iliyotoka kwenye pipa. Chiriku aliitikia kwa kichwa.

Juma lililofuata mwalimu aliingia darasani akitabasamu. Aliwaambia kuwa risasi katika kisima imeongezeka sana tangu mvua zianze, lakini pipa limeiondoa yote. Alikiri kwamba hata yeye ameshangaa, maana mchanga ule ulikuwa umekaa muda mrefu. Basi mchanga mpya ungeendelea kukaa stoo. Wanachama walipiga makofi. Chiriku naye akapiga.

Siku za mwanzo hofu ilikuja na kuondoka kama mbu. Akicheza aliisahau, akilala aliisikia. Kisha Bonge akaanza kuacha chakula.

Mara ya kwanza mama alidhani ni deko. Mara ya pili alimpa dawa ya minyoo kutoka zahanati. Lakini Bonge aliendelea kukunja uso mbele ya sahani na kushika tumbo. Alianza kusinzia mchana. Akikosewa kidogo tu analia, yeye ambaye zamani ungeweza kumkanyaga mguu naye akakuomba radhi. Jioni moja mama alimwomba aandike jina lake, jambo alilolijua tangu chekechea. Bonge aliandika herufi mbili, akasimama, akaitazama penseli kana kwamba imemwendea kinyume.

Chiriku alikuwa ameketi ng'ambo ya meza. Aliyaona yale yote. Mbele ya Bonge palikuwa na kikombe cha maji, na mama alikuwa akimsihi anywe, anywe kidogo, maji hayamdhuru mtu.

Tangu hapo hakukuwa na usingizi wa maana. Alijaribu kujipa moyo kwamba tumbo ni tumbo, watoto wote huumwa tumbo. Lakini akili yake ilikuwa nyepesi, na sasa wepesi huo ulimgeuka. Ilimkumbusha misumari ukutani. Ilimkumbusha kwamba kisimani risasi imeongezeka, na risasi ikiongezeka nafasi hujaa upesi. Ilimkumbusha kwamba hakuna mtu aliyejua kama pipa linafanya kazi au halifanyi, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyejua kuwa hakuna anayejua. Shuleni aliyasikia maji yakitiririka kutoka kwenye bomba la pipa, akawaona watoto wa darasa la kwanza wamepanga foleni na vikombe vyao, akageuza uso. Hakusimulia tena juu ya kijukwaa. Rafiki yake, msichana aliyeitwa Miwani kwa ajili ya miwani yake mikubwa, alimuuliza kama ameng'olewa jino.

Mara tatu alikwenda mpaka mlangoni kwa mwalimu. Kila mara aligeuka akarudi. Mwanzoni aliogopa kuchekwa na kuadhibiwa. Sasa aliogopa jambo zito zaidi: kwamba akisema, itakuwa kweli. Akinyamaza, labda Bonge ana minyoo tu.

Akajaribu ujanja. Jioni aliporudi nyumbani alilimwaga dumu mtaroni, akamwambia mama kuwa limevuja. Siku ya pili akafanya vilevile. Siku ya tatu mama alikuwa amesimama dirishani. Alimuuliza tangu lini dumu linavuja kwa kuinuliwa juu chini. Mama, ambaye alikuwa amechoka kwa kukesha na mgonjwa, alimkaripia sana kwa kumwaga maji ya mtoto. Kesho yake mama alikwenda mwenyewe shuleni kulichukua dumu.

Asubuhi iliyofuata Chiriku alimshika mdogo wake mkono wakiwa njiani.

"Leo usinywe maji ya pipa," alimwambia.

"Kwa nini, dada?"

"Yana risasi."

Bonge alisimama katikati ya njia. Midomo yake, iliyokuwa imepauka siku hizo, ilifunguka. "Zikifika tumboni zinalipuka?" aliuliza. "Ndiyo maana linauma?"

Siku nyingine Chiriku angecheka mpaka akae chini. Siku hiyo alimvuta tu, akamwambia anyamaze na asimwambie mtu. Kumwambia mtoto wa miaka saba asiseme jambo kama hilo ni sawa na kumkabidhi fisi bucha.

Kabla ya mapumziko darasa zima la kwanza lilikuwa linalia. Msichana mmoja alijikunja chini ya dawati, mikono tumboni, akingoja mlio. Wengine walikataa katakata kulikaribia pipa. Lakini jua lilikuwa kali na kiu haina adabu. Chiriku alipotoka darasani alimwona Miwani akiwakimbilia watoto wawili walioinamia pampu ya kisima, mmoja anapiga, mwingine ameweka mdomo. Walikuwa wanakunywa maji yale yale ambayo pipa liliwekwa ili wasiyanywe, na waliyanywa kwa pupa, wakifurahi kwamba wameziepuka risasi. Miwani aliwafukuza, akarudi akitweta, akasema kwamba aliyewatia watoto ujinga ule akijulikana atakiona cha moto.

Kengele ililia. Shule nzima ilipangwa uwanjani, mbele ya pipa la bluu.

Mwalimu wa sayansi alisimama karibu na bomba, kikombe mkononi. Hakuwa amekasirika. Alizungumza taratibu, akawaeleza wadogo kuwa risasi ya kwenye maji si ya bunduki, hailipuki, na kwamba hata hivyo katika pipa hili haimo, kwa kuwa maji yalipelekwa maabara yakapimwa. Akakinga kikombe, akanywa mbele yao mpaka tone la mwisho, akakigeuza juu chini wakione.

"Nani aliyeanza kusikia habari hii?" aliuliza. Vidole vingi vidogo vilimwonyesha Bonge.

Mwalimu alimwita mbele. Alimpapasa kichwa, akakinga kikombe kingine, akampa. Alimwambia yeye ndiye atakayewaondolea wenzake woga. Bonge alikishika kikombe kwa mikono miwili. Maji kidogo yalimmwagikia shatini. Alitazama kwenye mistari ya wakubwa, akamtafuta dada yake kwa macho. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu, akakiinua.

Chiriku hakukumbuka baadaye jinsi alivyotoka kwenye mstari. Alikumbuka vumbi, na mkono wake ukikipiga kile kikombe, na sauti yake mwenyewe ikitoka nyembamba kama ya mtu mwingine.

"Mwalimu, asinywe. Hayajapimwa."

Kikombe kilibingirika mpaka kwenye kijukwaa cha matofali. Mwalimu alimuuliza anasema nini.

"Chupa ya pili ilimwagika njiani. Nikaijaza kwenye bomba la getini, kule ofisini." Alilionyesha bomba la pipa. "Yaliyopimwa ni maji ya mji. Haya ya pipa hayajapimwa, Mwalimu. Bonge anaumwa, na mimi nimenyamaza tu."

Alifumba macho akingoja kofi, au kelele, au kicheko. Havikuja. Alipoyafumbua alimwona mwalimu ameinama, analifunga bomba kwa nguvu, kisha anavua tai yake na kulizungushia ili mtu asilifungue. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Chiriku hakuwahi kumwona mtu mzima ameogopa, na hilo lilimtisha kuliko adhabu yoyote.

Mwalimu aliwarudisha wanafunzi darasani, akamketisha Chiriku kwenye kijukwaa, akamtaka aeleze tangu mwanzo. Chiriku akaeleza yote, lori, mkoba, geti, dumu la mtaroni, bila kujipunguzia. Mwalimu hakumkatiza. Alipomaliza, mwalimu aliipigia simu ofisi ya maji, kisha akawapigia wazazi wa darasa la kwanza.

Mkemia alifika alasiri hiyo hiyo. Alikinga maji ya kisima, akakinga ya pipa, akaandika juu ya kila chupa kabla ya kuifunga, na hakumwachia mtu mwingine azibebe. Mama yake Chiriku alikuja akiwa na tepu ya kupimia shingoni na vipande vya uzi kwenye gauni. Mbele yake Chiriku alilazimika kusema tena, na safari hii maneno yalikuwa mazito zaidi. Mama alisikiliza, akamvuta Bonge ubavuni.

"Lakini mimi nayachemsha," alisema hatimaye, akimgeukia mkemia. "Kila siku nayachemsha."

"Ni vizuri, mama, maana kuchemsha kunaua vijidudu," mkemia alimjibu kwa upole. "Lakini risasi haifi, kwa sababu haiko hai. Ukichemsha maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki palepale sufuriani."

Mama aliketi chini kwenye matofali na kufunika uso kwa viganja. Hakumgombeza Chiriku. Njia nzima mpaka nyumbani Chiriku alitamani agombezwe.

Majibu yalitoka kesho yake. Mchanga ulikuwa umejaa. Maji yaliyotoka chini ya pipa yalikaribia kuwa sawa na yale yaliyoingia juu. Siku hiyo hiyo watoto wa darasa la kwanza, pamoja na ndugu wa wanachama waliokuwa wakipelekewa madumu, walipelekwa hospitali kupimwa damu.

Ukumbi wa hospitali ulikuwa mrefu, wenye benchi za mbao na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Bonge alilia sindano ilipoingia, kisha akalala mapajani mwa mama. Chiriku alikaa pembeni. Kila mlango ulipofunguka alisimama. Aliwatazama watoto wengine waliojaa kwenye benchi, wengine wakicheza na vitambaa vya pamba vilivyobandikwa mikononi mwao, akawaza kuwa kila mmoja wao amekunywa kutoka kwenye kile kimya chake. Mama wa yule msichana wa chini ya dawati alimtazama kwa muda mrefu, akageuka upande. Chiriku aliomba moyoni, bila kuchagua maneno, kwamba kama lipo la kulipwa, alilipe yeye.

Daktari alipowaita walikuta chumba chenye dirisha dogo. Aliwaambia kuwa risasi imo katika damu ya Bonge, na imo zaidi ya inavyostahili, ingawa mwili hauna kiwango cha risasi kinachoufaa. Lakini haijafika mahali pa kuhitaji dawa za kuitoa. Aliyaacha maji yale mapema. Sasa kazi ni kula vizuri, maharage, mboga za majani, mayai, maziwa, kwa kuwa mwili wenye chuma na kalsiamu ya kutosha hauipokei risasi kwa urahisi. Atapimwa tena na tena. Watoto wengine pia walikuwa na nafuu kama yake.

"Angeendelea kunywa muhula mzima," daktari alisema, akimtazama mama, "tungekuwa na mazungumzo mengine humu ndani. Nani aliyegundua?"

Mama alimgeukia Chiriku. "Dada yake alisema," alijibu. Hakuongeza neno, wala hakupunguza.

Maji ya kunywa yaliletwa shuleni kwa gari la tangi wakati pipa likitengenezwa. Chiriku alikuwa wa kwanza kufika siku ya kubadilisha mchanga, akidhani atafukuzwa kwenye chama. Mkemia alimpa glavu na kitambaa cha kufunika pua kama wengine. Walichota mchanga wa zamani na kuutia kwenye mapipa yenye vifuniko, wala hawakuruhusiwa kumwaga hata kijiko uwanjani, maana risasi yote iliyonaswa ilikuwa bado humo, imeshikamana na kutu, na ilipaswa kupelekwa mahali pa salama. Kazi hiyo iliwachukua siku nzima. Mgongo wa Chiriku uliuma na mikono ikachubuka, naye hakusema hata mara moja kwamba amechoka.

Jioni mwalimu aliwakusanya wanachama. Alisema Chiriku atabaki kwenye chama, lakini kabla ya jambo lolote ataingia darasa la kwanza na kuwaeleza wadogo ukweli wote, kwa maneno wanayoyaelewa, mpaka wasiwe na swali. Kisha akasema jambo ambalo hawakulitarajia.

"Na mimi nina sehemu yangu. Majibu yale yalinishangaza. Mtu wa sayansi akishangaa anapaswa kupima tena. Mimi nilifurahi, nikaacha. Tena nilimpa mtoto mzigo wa mtu mzima. Tangu leo mkemia atakuja kukinga maji mwenyewe, na mimi nitakuwepo."

Miwani alihesabu baadaye kwamba katika hotuba yote ile mwalimu hakusema "kwa mfano" hata mara moja.

Majuma yalipita. Bonge alipimwa, akapimwa tena, na kila mara risasi ilikuwa imepungua. Siku moja alisukuma sahani yake mbele na kuuliza kama maharage yamebaki. Mama alimpakulia, kisha akaenda jikoni akakaa huko kwa muda, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Mchana wa siku ya mapumziko Chiriku alikuwa akimsaidia mama kushona vifungo kwenye sare za wateja. Mama alikuwa hajaugusa ule mkasa tangu siku ya hospitali. Sasa aliutia uzi kwenye kijiti cha cherehani, akasema bila kuinua kichwa:

"Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilidhani wanasema kuhusu wagonjwa. Chupa kumwagika ni ajali, mwanangu, hata mimi ningeimwaga. Kuijaza kwenye bomba la watu ni uongo. Lakini kilichotaka kutuulia mtoto ni ukimya wa baada ya hapo. Uliogopa, najua. Kila mtu huogopa. Hofu ukiifungia ndani inakua, na inakula wenzako kwanza. Ukinieleza mapema nitakasirika, nitasema sana, halafu tutatafuta dawa pamoja. Hasira yangu inapoa. Kaburi halipoi."

Chiriku aliinamia kifungo chake. Uzi ulikuwa umejifunga fundo, akalifungua polepole. Mama alisogeza kitambaa chini ya cherehani na kuweka mguu kwenye pedali.

"Mama," alisema Chiriku.

"Naam."

"Kabla hujashona. Jana ulipokwenda sokoni nilijaribu cherehani. Sindano imepinda."

Mama aliondoa mguu kwenye pedali. Aliitazama sindano, akamtazama binti yake, akavuta pumzi ndefu. Akasema sana, kama alivyoahidi. Alisema juu ya mikono isiyotulia, na juu ya wateja wa kesho, na juu ya watoto wa siku hizi, mpaka Bonge akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Kisha akafungua kikopo cha vifaa, akatoa sindano mpya, akamwita Chiriku asogee karibu, amfundishe kuibadilisha.